Redio ya gari irudishiwe kitufe cha kuzimia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niseme jambo ambalo wengine wanaweza kuliona dogo, lakini ambalo limenitia aibu mbele za watu na ambalo, kwa kadiri nilivyolichunguza tangu siku hiyo, halinihusu mimi peke yangu. Jambo lenyewe ni kuzima redio ya gari.

Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Morogoro. Mwaka jana watoto wangu walichanga fedha wakaniagizia gari lililotumika kutoka Japani, gari zuri, tulivu, lisilokula mafuta, lenye skrini katikati ya dashibodi yenye ukubwa wa daftari lililofunguliwa. Mwezi uliopita, majira ya saa nane mchana, nilikuwa ninarudi kutoka sokoni kwa njia ya mtaani ambayo siku hiyo ilikuwa na msiba, na mfiwa ni mtu tunayefahamiana. Turubai lilikuwa limefungwa hadi barabarani, kinamama wamekaa kwenye mikeka upande mmoja, wanaume kwenye viti vya plastiki upande wa pili, na katikati limebaki pengo la kupita gari moja. Kila aliyelelewa katika nchi hii anajua la kufanya mahali kama hapo: unapunguza mwendo, unazima redio, unateremsha kioo na kumpa pole aliye karibu. Mwendo nilipunguza. Kioo kilikuwa chini tayari kwa sababu ya joto. Redio haikuzimika.

Lililokuwa likisikika ni tangazo la mchezo wa bahati nasibu, na kijana wa kwenye tangazo alikuwa akipiga kelele kwamba leo ni zamu yako kushinda. Nilibonyeza pembeni mwa skrini, mahali nilipozoea kupunguzia sauti, lakini kidole kilikuwa na jasho na skrini haikukubali. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Ukurasa wa redio ukaondoka, ikaja ramani yenye maandishi ya Kijapani, na kijana yule akaendelea kugawa mamilioni. Wakati huohuo bajaji ikaingia katika pengo lile kutoka upande wa pili, ikanilazimu nitie gia ya kurudi nyuma, na hapo sauti ikakatika yenyewe, kwa kuwa redio hiyo imeundwa inyamaze pale gari linaporudi nyuma. Nikamshukuru Mungu. Bajaji ilipopita nikatia gia ya mbele, kijana naye akarudi na zawadi zake, safari hii nikiwa nimefika katikati kabisa ya kinamama. Ningejua, ningekwenda kinyumenyume hadi nyumbani. Mwisho nilizima injini palepale mbele ya turubai, nikachomoa ufunguo, na redio ikaendelea. Mzee mmoja akainuka kwenye kiti, akanijia dirishani na kuniambia kwa upole, "Mwalimu, hapa kuna msiba." Nikafungua mlango ili niteremke kumwomba radhi, na ni mlango ulipofunguka ndipo redio ilipozimika.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa redio za magari, kijana niliyemfundisha darasa la tano miaka mingi iliyopita. Aliniamkia, akasikiliza kisa chote bila kucheka, jambo ambalo ninamshukuru kwalo, kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya nichukue kalamu: "Mwalimu, hizi hazizimwi. Hizi zinanyamazishwa tu."

Kuzima na kunyamazisha ni vitenzi viwili, Ndugu Mhariri, na tofauti yake naijua tangu nilipokuwa na Peugeot 404 ya zamani. Redio ya gari lile ilikuwa na vidude viwili vya kuzungusha: cha kulia cha kutafutia kituo, cha kushoto cha sauti. Ukikizungusha hicho cha kushoto hadi mwisho kilitoa mlio mdogo, "tki", na mlio ule ulikuwa na maana moja tu, kwamba umeme umekatika, kwa kuwa swichi ya umeme ilijengwa ndani ya kidude hichohicho cha sauti. Mkono uliweza kufanya kazi hiyo gizani, kwenye kona za Kitonga, huku macho yakiwa barabarani. Baada ya "tki" hapakuwa na kitu kinachosubiri ndani ya redio ile. Ilikuwa chuma kimya hadi utakapoizungusha mwenyewe kwa sababu umetaka kusikia taarifa ya habari ya Redio Tanzania.

Hiki kilichomo kwenye gari langu la sasa kinaitwa redio kwa mazoea tu. Ni kompyuta. Humo ndani kuna redio, kuna ramani, kuna mawasiliano ya simu, kuna kamera ya nyuma, na katika baadhi ya magari hata milio ya kukuonya kwamba hujafunga mkanda hupitia katika spika zilezile. Mtengenezaji hataki kompyuta hiyo izimwe wakati gari linatembea, na sina budi kukiri kwamba upande mmoja ana sababu. Marekani, kwa mfano, imeagiza kwamba kila gari dogo jipya linalouzwa huko kuanzia Mei 2018 liwe na kamera ya kumwonyesha dereva kilicho nyuma yake, ili watoto wasikanyagwe wakati gari likirudi nyuma. Kamera inahitaji skrini. Skrini ikishakuwepo, kiwanda huona ni nafuu kuchora vitufe juu yake kuliko kununua vitufe halisi, kuvitobolea matundu na kuvivutia waya. Ndivyo kitufe cha kuzimia redio kilivyogeuka picha ya kitufe, na amri ya kuzima ikageuka ombi ambalo kompyuta hulipokea, hulitafakari, na wakati mwingine huliweka kando.

Niliposimulia haya kwa jamaa zangu niliambiwa mara nyingi, "Si upunguze sauti hadi sifuri?" Nimepunguza. Katika gari langu sauti ya sifuri hudumu hadi utakapozima injini. Ukiwasha tena, sauti hurudi kwenye kiwango kilichowekwa na aliyekuwa akilimiliki gari huko Japani, mtu ambaye simjui lakini ambaye ninajua kwamba hakuwa na masikio mazuri. Sauti ya ramani nayo ina kipimo chake peke yake, hivyo redio ikiwa sifuri ramani bado inasema. Simu ikiwa mfukoni na imewahi kuunganishwa na gari, basi gari likiwashwa tu simu huanza kucheza chochote kilichokuwa kikichezwa mara ya mwisho, iwe kwaya, iwe ujumbe wa sauti wa kikundi cha ukoo ambao hukukusudia mkweo aliyekaa kiti cha nyuma ausikie. Wengine waliniambia nisome kitabu cha maelekezo. Gari lilikuja na kitabu, namshukuru aliyekiacha, na kimeandikwa kwa Kijapani tangu jalada la mbele hadi la nyuma.

Hapo ndipo suala hili linapotuhusu sisi zaidi kuliko wale waliotengenezewa magari hayo. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayopita katika barabara zetu yaliundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na redio zake zinafikiri bado ziko huko. Masafa ya FM ya Japani yalikuwa kuanzia 76 hadi 90, na hata baada ya kuongezwa yameishia 95, ilhali vituo vyetu vimepangwa kati ya 88 na 108. Kwa hiyo redio iliyokuja na gari haikamati vituo vyetu vingi hadi fundi achomeke kwenye waya wa antena kidude kidogo cha kushusha masafa, na ukishachomekewa, namba unayoisoma kwenye skrini si namba inayotangazwa na kituo. Nimezoea. Nina kituo ninachokipenda ambacho mtangazaji hukitaja kwa namba moja na skrini yangu huandika nyingine, nasi watatu tunaishi kwa amani.

Asiyezoeleka ni yule mama. Kila unapowasha gari, sauti ya mwanamke husema sentensi moja ya Kijapani kwa adabu kubwa. Wajukuu wangu wameikariri na huitumia kama salamu. Kwa muda mrefu nilidhani ananikaribisha, hadi kijana mmoja aliyesoma Japani alipopanda gari langu akanifasiria: anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara za kasi bila kusimama, na mama huyo ananikumbusha kila asubuhi kwamba sijajiandaa kulipia barabara zilizoko maelfu ya kilomita kutoka Msamvu. Daraja la Kigamboni, ambalo kweli hulipiwa, hana habari nalo. Yeye pia hazimwi na kitufe cha redio, kwa kuwa huzungumza kutoka katika kisanduku kingine kilichofichwa chini ya usukani; mwishowe ilimchukua fundi nusu saa kukichomoa, na wajukuu walinuna.

Nimejaribu pia njia ya mkato ya kuchomoa fyuzi. Redio ilinyamaza, pamoja na saa, kamera ya nyuma na kile kitundu cha kuchajia simu, nami siku hiyohiyo nikagusa ukuta wa jirani nikirudi nyuma, maana miaka yangu shingo haigeuki tena kama zamani. Fyuzi ikarudishwa. Kimya cha kweli nimekipata mara moja tu tangu gari hili lifike, nacho kilikuja bila kuombwa: betri ilikufa, ikabadilishwa, na redio ilipopata umeme tena ikajifunga yenyewe, ikiomba kwa Kijapani namba ya siri, kwa kudhani imeibwa. Wenye magari ya aina hii wanaijua hali hiyo, na mafundi wanaoijua wanapata riziki kwayo. Kwa siku tatu niliendesha gari nikisikia injini, matairi, na mlio mdogo wa beringi ya gurudumu la mbele kushoto ambao laiti ningeusikia miezi miwili kabla ningeokoa fedha. Siku ya nne fundi aliifungua redio, nami nikamlipa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya mzee asiyejua vifaa vya kisasa. Basi naomba waangalie yaliyofanywa na jarida moja la magari la Sweden, Vi Bilägare, mwaka 2022. Lilichukua magari mapya 11 na gari moja la zamani, Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kawaida, likawapa madereva muda wa kuyazoea, kisha likawatuma kwenye uwanja wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa na kuwaambia wafanye kazi nne ndogo, mojawapo ikiwa kuwasha redio na kuweka kituo fulani. Kwenye Volvo ile ya zamani kazi zote zilikamilika kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Kwenye gari jipya lililofanya vibaya kuliko yote zilichukua sekunde 44.6, na katika muda huo gari lilikwenda mita 1,372. Hao hawakuwa wazee wa Morogoro.

Mita hizo si za kuchezea. Hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa katika makazi yetu, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa mwongozo mwaka 2013 kwamba kifaa cha ndani ya gari kisimlazimu dereva kuondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa kazi nzima. Pale kwenye turubai nilihangaika kwa muda mrefu kuliko huo, na watoto walikuwa wakipita mbele ya gari na sahani za pilau. Askari wetu wa usalama barabarani humsimamisha dereva anayeonekana ameshika simu, na wanafanya vema. Lakini dereva anayepekua kurasa tatu za skrini ili azime redio hupita mbele yao akiwa na mikono safi.

Wala tusidhani kwamba kompyuta hizi humtii dereva hata pale anapojua pa kubonyeza. Mwanzoni mwa mwaka 2022, huko Seattle nchini Marekani, wenye magari ya Mazda ya miaka ya 2014 hadi 2017 waliokuwa wakisikiliza kituo cha KUOW, masafa ya 94.9, walijikuta redio zao zimegandia hapo. Kituo kilikuwa kimerusha pamoja na matangazo picha ambazo majina ya faili zake yalikosa zile herufi za mwisho zinazoiambia kompyuta kwamba hii ni picha ya aina gani. Kompyuta za magari hayo zikapigwa na butwaa, skrini zikawa zinajizima na kujiwasha upya bila kikomo, na madereva wakabaki na kituo hichohicho kimoja, wawe wanakipenda au hawakipendi. Kibadala cha kifaa kilichoharibika kilikuwa na bei ya takriban dola 1,500, ingawa baadaye kampuni ilisema ingewasaidia waliopatwa. Redio yangu ya Peugeot haikuwahi kusoma jina la faili, na ndiyo maana haikuwahi kushindwa kulisoma.

Habari njema ni kwamba waliotuletea jambo hili wameanza wenyewe kurudi nyuma. Honda iliondoa kidude cha kuzungusha sauti kwenye CR-V, wateja wakalalamika, na katika toleo la mwaka 2017 kikarudi. Mwaka 2025 mkuu wa ubunifu wa Volkswagen, Andreas Mindt, alitamka kwamba kampuni yake haitarudia tena kosa hilo, na kwamba vitufe halisi vitarejea kwa mambo makuu, sauti ikiwa mojawapo. Wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, Euro NCAP, nao wameweka sharti kwamba kuanzia mwaka 2026 gari linalotaka alama ya juu kabisa ya nyota tano liwe na vitufe halisi vya taa za kuashiria kona, taa za hatari, honi, waipa na wito wa dharura. Nimeisoma orodha hiyo mara mbili. Redio haimo.

Na magari hayo yatakayokuwa na vitufe yatatufikia sisi baada ya miaka kumi, yakiwa yamekwisha kutumika na watu wengine. Kwa sasa tutaendelea kupokea yale ya kipindi hiki cha skrini tupu. Ndiyo sababu ninawaomba wanaohusika na viwango na ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini, ambao tayari huangalia breki, taa na matairi, waongeze swali moja fupi kwenye fomu yao: je, dereva anaweza kuikata sauti yote ndani ya gari hili kwa kitendo kimoja cha mkono, bila kuangalia, na ikabaki imekatika hadi atakapoirudisha mwenyewe? Ninawaomba pia waagizaji na wauzaji wa magari wabandike kwenye dashibodi karatasi moja ya Kiswahili yenye maana ya vitufe vikuu kabla ya kumkabidhi mteja ufunguo. Karatasi hiyo haitamgharimu mtu hata bei ya lita moja ya petroli.

Ninajua kwamba wapo wasiotaka kimya garini, na sina ugomvi nao. Abiria wa daladala akichoshwa na muziki anaweza kusema "Konda, punguza redio," na konda akitaka atapunguza, asipotaka watabishana hadi Mawenzi, lakini mtu yupo wa kuambiwa. Mimi garini mwangu ndiye dereva, ndiye konda na mara nyingi ndiye abiria pekee, na bado sina wa kumwambia.

Fundi wangu amepata ufumbuzi ambao ninaueleza hapa kwa faida ya wasomaji walio katika hali yangu. Atafunga chini ya dashibodi swichi ya kawaida ya kuruka juu na chini, itakayokata waya zote za spika kwa pamoja, huku skrini na kamera zikiendelea kufanya kazi. Katika gari langu milio ya tahadhari hutoka kwenye king'ora kidogo cha pembeni, kwa hiyo haitaguswa. Swichi yenye miguu ya kutosha kwa spika nne haikupatikana hapa mjini, akaiagiza Kariakoo, na ameniahidi kwamba itafika wiki hii. Arobaini ya marehemu ni Jumamosi na nimealikwa. Swichi isipofika, nitakwenda kwa miguu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro